Kipande kimoja kwa kila mtu: kugawana vitamu ukiwa kazini ng'ambo

Mwongozo huu ni wa aliye mbali na kwao kwa utumishi: mlinda amani, muuguzi wa kujitolea, mwalimu, fundi wa shirika la misaada, mmisionari. Chakula cha kambini kipo na kinashibisha. Kinachokosekana ni ile biskuti ya saa kumi jioni, ile pipi ya mfukoni, kitu ambacho hakimo kwenye mgao wa mtu yeyote. Kukipata si kazi. Kazi ni kukifikisha kikiwa kizima, kukigawa pasiwe na manung'uniko, na kuhakikisha hakimdhuru mtu. Wengi hukosea wakidhani wingi ndio unaofurahisha. Wananunua katoni nzima, inaliwa kwa siku mbili na watu wanne, wengine wanaambulia harufu. Sisi tunashauri kinyume chake: kidogo, kwa wote, mara moja kwa wiki.

Kidogo kiasi gani? Julai 1948, Berlin Magharibi ikiwa imezingirwa na chakula kikiletwa kwa ndege, rubani Mmarekani Gail Halvorsen alisimama kwenye uzio wa uwanja wa Tempelhof akiwa na vijiti viwili tu vya chingamu. Alivikata akavipitisha kwa watoto waliokuwa upande wa pili. Waliokosa hawakugombana. Walichana karatasi iliyofungiwa chingamu wakawa wanapokezana kuinusa. Huna haja ya kwenda chini kiasi hicho, lakini ujue kipimo cha shukrani hakiko kwenye mizani. Kadiria gramu 10 hadi 20 kwa mtu: biskuti moja ya wastani, au pipi mbili, au kipande cha chokoleti kinacholingana na kidole gumba. Kwa kikosi cha watu 24, nusu kilo inatosha wiki nzima na chenji inabaki.

Kinachovumilia safari

Chokoleti huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana hulainika ikigusa ulimi. Gari lililoegeshwa juani linapita nyuzijoto 50 ndani bila kujitahidi. Kwa hiyo usipeleke chokoleti tupu nchi ya joto. Peleka zile punje zenye ganda gumu la sukari, au unga wa kakao utakaopikwa huko huko. Chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena hutoka na utando mweupe unaotisha watu bure: ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, si kuvu. Inalika. Kilichoharibika ni sura, basi imalizie kwenye maziwa ya moto. Na kama kambi ina friji, usiitoe chokoleti ukaifungua papo hapo. Umande utatua juu yake, utayeyusha sukari, na ukikauka utaacha chengachenga. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa saa moja au mbili mpaka ilingane na joto la chumba.

Pipi ngumu hazijali joto sana, adui yao ni unyevu. Sukari hunyonya maji ya hewani, pipi zikashikana zikawa bonge moja na karatasi zikakataa kubanduka. Nunua zilizofungwa moja moja, tena kwa karatasi iliyosokotwa ncha zote mbili, kisha ziweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Biskuti kavu ndizo za kuaminika kuliko vyote. Zioke mpaka katikati pasiwe na ulaini wowote, ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga, na zitakaa muda mrefu kwenye kopo. Kufunga zikiwa na uvuguvugu ndilo kosa linaloharibu vifurushi vingi: mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko, na kabla ya kifurushi kuvuka mpaka kuvu imeshaota. Usichanganye pia biskuti kavu na keki laini kwenye kopo moja. Maji huhama kutoka kwenye laini kwenda kwenye kavu, na mpokeaji atakuta keki ngumu na biskuti teketeke.

Karanga, korosho na lozi huchacha mafuta yake yakikutana na hewa, joto na mwanga. Zilizochacha hunuka kama rangi ya mafuta ya kupaka mlangoni, na hazina dawa. Nunua zilizofungwa kiwandani bila hewa, na mfuko ukifunguliwa umalizike wiki hiyo hiyo. Matunda makavu na tende ni salama, ila ziwe kwenye mfuko wake peke yake kwa sababu hutoa unyevu na kunata. Chochote chenye krimu, jibini laini au maziwa mabichi hakisafiri. Hapo hatuna la kujadili.

Posta ikisema wiki mbili, wewe hesabu nne, kisha uongeze wiki moja ya kifurushi kukaa ghalani kikisubiri gari la kwenda kambini. Kitafunwa ambacho hakivumilii wiki tano kibebe mkononi au kipike huko uendako.

Kufunga kifurushi

Chukua kopo la bati, au la plastiki ngumu. Boksi la karatasi peke yake ni mwaliko kwa panya na mchwa, na mvua moja inatosha kulimaliza. Tandika karatasi ya kuokea chini. Biskuti za duara zipange mbili mbili, mgongo kwa mgongo, uzifunge kwa karatasi kama roli ya sarafu, kisha zisimamishe wima kama sahani kwenye kabati la vyombo. Zikilazwa, za chini hubeba uzito wa zote na kuvunjika. Jaza mianya yote kwa karatasi iliyofinyangwa au bisi zisizo na mafuta wala chumvi. Bisi ni nyepesi na hunyonya mshtuko vizuri, ila ziwe zimefungwa ndani ya mfuko, na usimwambie mtu kwamba nazo zinaliwa. Zikifika zimeshakuwa kama sponji.

Funga kopo, litikise sikioni. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze. Litikise tena. Kopo likinyamaza ndipo liingie kwenye boksi la nje, likizungukwa na angalau sentimeta tano za karatasi au nguo pande zote. Soksi na taulo ni kizuizi kizuri na zina matumizi zikifika.

Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka na pipi za mnanaa zisikae boksi moja na biskuti, hata kama kila kimoja kiko kwenye mfuko wake. Harufu hupenya nailoni nyembamba. Watu wamekula biskuti zenye ladha ya sabuni ya unga na kushukuru kwa adabu, lakini haikuwa lazima. Ikibidi viende pamoja, sabuni iingie kwenye mtungi wa kioo au bati lililofungwa kwa gundi ya karatasi kuzunguka mfuniko.

Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu husaidia ikiwa ni vya kuwekwa kwenye chakula. Vya viatu na mikoba visitumike. Mchele mkavu kwenye kitambaa husaidia kidogo tu, usiutegemee kwa safari ya mwezi.

Anwani iandike mara mbili: nje, na kwenye karatasi ndani ya boksi, kwa sababu ya nje huchanika au kufutika kwa mvua. Kwenye fomu ya forodha ya posta, ile ya CN22 au CN23, usiandike tu neno «zawadi». Andika kilichomo na uzito: «biskuti kavu, gramu 500, pipi ngumu, gramu 300». Maelezo yaliyo wazi hupunguza sababu ya afisa kukifungua kifurushi chako, na hata akikifungua atakuta ulichoandika.

Sheria za nchi unakokwenda zisome kabla ya kununua. Nchi nyingi huzuia au hudai vibali kwa nyama, maziwa, asali, mbegu na matunda mabichi, maana hubeba magonjwa ya mifugo na mimea. Nyingine zina makatazo yake usiyoyatarajia: Singapore ilipiga marufuku uingizaji wa chingamu mwaka 1992, na tangu 2004 inaruhusu za tiba tu. Pombe iliyofichwa ndani ya chokoleti huhesabiwa kuwa pombe. Ukisafiri kwa ndege, asali, jemu na siagi ya karanga huchukuliwa kama vimiminika: kwenye viwanja vingi, kopo linalozidi mililita 100 halipiti na mkoba wa mkononi. Liweke kwenye begi la mizigo, ndani ya mifuko miwili.

Kupika huko huko

Mwaka 1917 nchini Ufaransa, wanawake wawili wa Jeshi la Wokovu, Helen Purviance na Margaret Sheldon, walitaka kuwapikia wanajeshi wa Marekani kitu cha kuwachangamsha. Vifaa vya keki havikuwepo. Walikuwa na unga, mafuta na sukari, wakakaanga donati kwenye kikaango kidogo, saba kwa mara moja, unga ukisukumwa kwa chupa ya mvinyo. Ndiyo namna ya kufikiri: anza na kilichomo ghalani, jina la chakula litafuata.

Kinachowezekana karibu kila kambi ni sukari iliyounguzwa yenye mbegu. Haihitaji tanuri, mayai wala maziwa, inafaa kwenye joto, na sufuria moja inatoa vipande 50. Mahitaji:

Sukari nyeupe gramu 300.
Maji mililita 100.
Maji ya limau kijiko kimoja cha chai.
Mbegu za maboga au karanga zilizokaangwa, gramu 200.
Siagi au mafuta ya kupikia gramu 20, na ya kupaka.
Chumvi, robo ya kijiko cha chai.

Andaa trei kwanza, kabla hata ya kuwasha jiko: paka mafuta trei ya bati au tandika karatasi ya kuokea, na chupa au mwiko wa kusukumia uupake mafuta pia. Mbegu ziwe zimepashwa moto pembeni. Mbegu baridi hugandisha sukari kabla hujaitandaza, ukaishia na kifusi.

Weka sukari, maji na limau kwenye sufuria nzito, ukubwa wa lita mbili au zaidi kwa sababu mchanganyiko hufura. Koroga kwa moto mdogo mpaka chembe zote ziyeyuke. Ikianza kuchemka, toa mwiko na usikoroge tena. Hapa ndipo wengi huharibu. Chembe moja ya sukari iliyokauka ukingoni ikirudi ndani huwaita wenzake, na sufuria nzima inageuka mchanga mweupe. Limau lipo kwa kazi hiyo: uchachu wake huvunja sehemu ya sukari na kuizuia isijikusanye. Chembe ukizikuta ukingoni, zifute kwa brashi au kitambaa safi kilicholowa kilichofungwa kwenye kijiti. Ukiona imeshageuka mchanga, usiitupe: ongeza maji nusu kikombe, punguza moto, iyeyushe uanze upya.

Povu huanza likiwa jingi na mapovu madogo, kisha mapovu hukua, hupungua mwendo, na rangi inaingia kutoka pembeni. Zungusha sufuria kwa mpini, usikoroge. Unangojea rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Huhitaji kipimajoto, rangi inatosha, na afadhali maana kwenye miinuko maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban digrii moja kwa kila mita 300, na vipimo vya vitabuni huanza kudanganya. Kutoka rangi ya majani makavu hadi kuungua ni chini ya dakika moja. Usijibu simu.

Epua, tia siagi na chumvi, koroga mara tatu nne, mimina mbegu zote kwa pamoja, geuza haraka, mwaga kwenye trei. Sukuma mpaka unene wa nusu sentimeta. Subiri kama dakika mbili au tatu, ikiwa bado laini lakini haishiki kisu, kata mistari ya vipande vya sentimeta nne kwa nne. Ukisubiri ipoe kabisa itapasuka ovyo, mmoja apate kipande kama kiganja na mwingine vumbi, na ugomvi uwe umeuoka mwenyewe. Ikiwahi kukauka, ipashe trei juu ya jiko kwa sekunde chache ilainike ukate.

Sukari hii hupita nyuzijoto 160 na hung'ang'ania ngozi. Beseni la maji liwe karibu, mtu asipitepite nyuma yako. Ikimmwagikia mtu, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siagi, dawa ya meno na unga visiguse jeraha.

Vipande vikipoa vifunge saa hiyo hiyo, kila kimoja kwenye karatasi yake. Kwenye hewa yenye unyevu vitaanza kunata ndani ya saa chache. Vikinata mapema hata kwenye kopo, sababu kubwa ni kwamba uliepua kabla ya wakati na maji yalibaki ndani. Vikiwa vichungu, ulichelewa.

Kugawa

Chagua saa moja ya wiki na usiibadilishe. Mwisho wa zamu ya Alhamisi ni bora kuliko Jumapili, kwa sababu Jumapili watu hutawanyika na Alhamisi haina kitu kingine cha kungojewa. Ukigawa kila siku, siku ya tatu inakuwa haki, siku ya tano watu wanalalamika imechelewa.

Hesabu vichwa kabla ya kuleta kopo mezani. Orodha iwe na walio lindoni, aliye zahanati, dereva aliye safarini, mpishi, mfagizi na mkalimani wa kienyeji ambao mara nyingi husahaulika. Ongeza vipande viwili vya dharura. Fungu la asiyekuwepo lifungwe kwenye karatasi, liandikwe jina, liwekwe mahali panapojulikana. Aliyerudi usiku wa manane akakuta kipande chenye jina lake ameshaambiwa kila kitu.

Pakihitajika kukata, anayekata achague wa mwisho. Utashangaa vipande vitakavyolingana. Mkubwa wa kikosi apate kipande sawa na kuruta, na kisitumike kama tuzo ya kazi wala kunyimwa mtu kama adhabu. Siku kitafunwa kikiwa chombo cha nidhamu, utamu wake umekwisha.

Mwenye kopo asiwe yule yule kila mara. Wekeni zamu: wiki hii fulani, wiki ijayo fulani, kila mmoja alete au apike kitu kimoja na aeleze kwa sentensi mbili kinaliwaje kwao na lini. Wekeni kikomo cha gharama tangu mwanzo, tena kidogo, ili asiye na kitu naye aweze kushika zamu. Bila kikomo, wiki ya nne mtu ataleta keki ya ghorofa tatu na wa tano atasingizia kuumwa. Anayependa kuchangia kazi badala ya fedha, aoshe vyombo au achemshe chai. Hiyo nayo ni zamu.

Kuna siku za kutogawa kwa kelele. Mtu amepata habari ya msiba nyumbani, au kikosi kimetoka kwenye tukio baya. Usifute ratiba. Weka vipande karibu na birika la chai, bila kengele wala hotuba, kila mtu achukue akipita.

Asiyekula, na kwa nini

Krismasi ya 1914 wanajeshi wa Uingereza walipelekewa kibati cha shaba kwa mchango ulioanzishwa kwa jina la Binti Mfalme Mary. Wengi walipata tumbaku, lakini wasiovuta walipewa pipi za uchachu, wauguzi chokoleti, na Masingasinga wa jeshi la India peremende za sukari na viungo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, vitani, walijua kwamba zawadi moja haitoshi watu wote. Kikosi cha watu ishirini hakina udhuru.

Uliza mapema, faraghani, swali moja tu: «Kuna kitu usichokula?» Usidai sababu. Andika majibu kwenye karatasi ibandikwe ndani ya mfuniko wa kopo. Yanayojirudia ni haya: jelatini, iliyomo kwenye pipi za kutafunika na marshimalo, mara nyingi hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe, kwa hiyo baadhi ya Waislamu, Wayahudi, Wahindu na wasiokula nyama hawaigusi. Soma kibandiko, usikisie. Mafuta ya nguruwe huingia kwenye biskuti za kukandwa. Wakati wa Ramadhani fungu la aliyefunga lisubiri magharibi, na kumbuka mwezi huo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, hivyo ratiba ya mwaka jana haifai. Kwaresima nayo ina walioacha sukari. Mwenye kisukari usimwamulie: mwambie kilichomo, achague mwenyewe.

Mzio ni jambo la kifo. Karanga, njugu za aina nyingine, maziwa, mayai, ngano, soya na ufuta ndivyo vinavyotajwa zaidi. Ukijua kuna mwenye mzio wa karanga, kambi nzima ipike kwa mbegu za maboga, na kisu kilichokata karanga jana kioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Kukikung'uta hakutoshi. Midomo ikivimba, pumzi ikikatika, mwili ukitoka mabaka na mtu akilegea baada ya kula, dawa ni adrenalini ya sindano mara moja na mganga aitwe. Vidonge vya mafua na maji ya kunywa havimsaidii. Kwa hiyo kabla ya kugawa chochote chenye karanga, jua sindano iko wapi na nani anaweza kuitumia.

Wenyeji na watoto wao

Hapa moyo mwema hukosea zaidi kuliko mahali pengine pote. Usirushe pipi kutoka kwenye gari. Watoto hukimbilia magurudumu, na gari lijalo, hata kama si lako, watalikimbilia pia. Halvorsen aliyedondosha pipi kwa vileso vilivyofungwa kama miamvuli alikuwa hewani, tena alianza bila ruhusa akaitwa kujieleza, ndipo wakubwa wake wakaidhinisha. Wewe uko barabarani, ruhusa iombe kwanza.

Zipitie kwa mtu mzima anayewajua watoto hao: mzazi, mwalimu, kiongozi wa mtaa. Mkabidhi yeye, yeye agawe. Hivyo heshima inabaki kwao, na mtoto hajifunzi kwamba mgeni mwenye sare ni mtu wa kufuatwa peke yake. Usimpe mtoto mmoja faraghani hata siku moja. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa kanuni za kuwakinga watu dhidi ya unyonyaji wa kingono, zikikataza kabisa kubadilishana fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ngono. Peremende ni bidhaa. Hata nia yako ikiwa safi, picha ya mtumishi na mtoto kando ya ukuta na pipi mkononi ni picha ambayo hutaweza kuieleza.

Umri nao una mipaka. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake hauvihimili. Karanga nzima na pipi ngumu za duara hazipewi wa chini ya miaka mitano, huziba koo. Kwa wadogo, biskuti laini ndiyo jibu.

Na usiende mahali penye njaa ukiwa na pipi. Hapo watu wanahitaji chakula, na chakula kina wanaokigawa kwa utaratibu. Kikopo chako kiache kambini.

Wenyeji watakukaribisha nawe. Kipokee, onja palepale, sifu jambo moja mahususi: chumvi yake, namna kilivyokauka, harufu. Kama huwezi kukila, gusa, shukuru, sema sababu kwa neno moja. Zawadi yenye thamani, tofauti na kitafunwa, irudishe kwa upole au iripoti kama taratibu za kazi yako zinavyotaka.

Kutunza kopo

Sisimizi huzuiwa kwa kuweka kopo juu ya sahani yenye maji na tone la sabuni. Panya hutoboa plastiki, hashindi bati. Kopo likae chini, katikati ya chumba, mbali na ukuta unaopigwa na jua na mbali na jiko. Kila likiisha, lioshe kwa maji ya moto, lianike likiwa wazi usiku kucha, na usifunge mfuniko mpaka pembe zake za ndani zikauke, maana ndiko tone la mwisho hujificha na ndiko kuvu huanzia. Unapomaliza muda wako, mkabidhi mshika zamu anayefuata kopo likiwa na kitu ndani, hata vipande vitano, pamoja na ile karatasi ya mfuniko. Ipitie naye jina kwa jina: huyu hali jelatini, huyu karanga, yule wa lindo la usiku hupenda iliyoungua kidogo.